Kitabu gani cha fantasia ya zamani tusome kwa pamoja? Mimi nasema si The Lord of the Rings

#1 Kalamu Butu

Wakuu, salaam.

Tuko watu 12 tunaotaka kusoma riwaya moja ya fantasia kwa pamoja, wiki 8, mjadala kila mwisho wa wiki. Masharti ni matatu: iwe imetoka kabla ya 1970, ijitegemee (mtu asilazimike kutafuta kitabu cha pili ndipo ajue mwisho), na ipatikane bila kuhangaika. Waliopendekeza mpaka sasa wametaja The Lord of the Rings, The Hobbit, A Wizard of Earthsea, The Last Unicorn na The King of Elfland's Daughter.

Nichokoze kwanza: The Lord of the Rings tuitoe leo leo. Ina maneno kama 480,000. Anayesoma maneno 200 kwa dakika anahitaji saa 40, yaani saa 5 kwa wiki, karibu dakika 43 kila siku bila kuruka hata moja. A Wizard of Earthsea ina maneno kama 56,000. Hiyo haifiki saa 5 kitabu kizima. Urefu ndio unaoua kusoma kwa pamoja, mengine ni visingizio. Karibuni mnipinge.

#2 Jalada Gumu

Nakupinga mapema kabla uzi haujachangamka. Kitabu kifupi kina ugonjwa wake: wawili watatu wanakimaliza siku mbili za mwanzo, halafu wiki 7 zilizobaki wanakaa kwenye mjadala wakitoboa siri kwa mafumbo. "Subirini mfike kule, mtaona." Waliobaki nyuma wanajiona wajinga, wananyamaza. Kitabu kirefu hakimruhusu mtu kukimbia mbali na wenzake kiasi hicho.

Na mbona The Lord of the Rings ni vitabu vitatu? Tusome cha kwanza tu, biashara iishe.

#3 Tanbihi

Mkuu Jalada Gumu, hapo kwenye "vitabu vitatu" naomba nipite na kalamu nyekundu.

Ni riwaya moja. Mwandishi, J. R. R. Tolkien, aliigawa katika sehemu 6, na mchapishaji akaitoa kwa juzuu 3 kwa kuhofia gharama: ya kwanza 29 Julai 1954, ya pili 11 Novemba 1954, ya tatu 20 Oktoba 1955. Sura zote ni 62, kwa mgawanyo wa 22, 21 na 19. Ukisimama mwisho wa juzuu ya kwanza umesimama katikati ya safari, kundi la wasafiri ndiyo kwanza linavunjika. Sharti la pili la mleta mada linakufa hapo hapo.

Kwa mwendo wa sura 3 kwa wiki ni wiki 21. Kwa wiki 8 ni karibu sura 8 kila wiki, na sura zake hazilingani.

#4 Binti Riwaya

Kutolingana kwa sura ndiko kunakoua, wala si urefu. Tazameni sehemu ya 2 ya kitabu hicho, sura ya 2, Baraza la Elrond. Ni sura ndefu kupindukia, watu wamekaa wanazungumza, kila mmoja anasimulia historia yake, na majina mapya yanamwagika. Ratiba nyingi huihesabu kama "sura moja" sawa na nyingine. Wiki hiyo nusu ya watu hawafiki mwisho, na asiyefika wiki moja huona aibu kurudi ya pili.

Tatizo la pili liko sehemu ya 3. Sura zote 11 Frodo na Sam, wahusika wakuu, hawapo kabisa. Aliyeingia kwa ajili yao anakaa wiki nzima au mbili akisoma habari za watu wengine. Hilo halitibiwi na ratiba yoyote, ni muundo wa kitabu chenyewe.

#5 Msomaji Mkaidi

Maneno 200 kwa dakika? Huo ni mwendo wa kusoma tangazo la msiba 😂

Hesabu ya #1 inadhani msomaji yuko kwenye lugha yake ya kwanza na sentensi ni nyepesi. Mtu anayesimama kila ukurasa kutafuta maana ya neno, weka 120. Sasa The Lord of the Rings inakuwa saa 66 na dakika 40, zaidi ya saa 8 kwa wiki. Earthsea inapanda mpaka karibu saa 8 kwa kitabu kizima, bado inabebeka.

Na mwendo haushuki sawasawa kwa kila mwandishi. The King of Elfland's Daughter ya Lord Dunsany (1924) si nene, ina sura fupi fupi 34, lakini sentensi zimejengwa kwa mwendo wa maandiko matakatifu: "na" juu ya "na", picha juu ya picha. Ukiikimbiza hubaki na kitu. The Worm Ouroboros ya E. R. Eddison (1922) ndiyo balaa, imeandikwa kwa kuiga Kiingereza cha karne ya 16 na 17 kwa makusudi. Yeyote anayependekeza hiyo kwa watu 12 ana ugomvi nao.

#6 Ukurasa wa Mwisho

Nilikuwa nakuja kupendekeza The Worm Ouroboros. Nageuza gari.

#7 Dibaji

Wakuu, mnabishana kuhusu vitabu wakati tatizo liko kwenye kura. Nieleze kwa hesabu.

Tuseme watu 12 wanapiga kura moja moja. 5 wanachagua The Lord of the Rings, 4 Earthsea, 3 The Last Unicorn. Kirefu kinashinda kwa 5, ilhali watu 7 walitaka kifupi. Kura zao zimegawanyika tu. Hao 7 wataanza kwa heshima, wiki ya pili hawaonekani, halafu mtasema urefu umeua.

Dawa ziko mbili:

Ya kwanza, kila mtu apange vitabu kwa mfuatano wa 1, 2, 3. Chenye kura chache za kwanza kinatolewa, kura zake zinahamia kwenye chaguo la pili la waliokipigia. Katika mfano huo, kama wale 3 wa The Last Unicorn waliweka Earthsea ya pili, matokeo ni 7 kwa 5.

Ya pili ni rahisi zaidi kuhesabu: kila mtu anaweka alama kwenye KILA kitabu ambacho yuko tayari kukisoma hadi ukurasa wa mwisho. Chenye alama nyingi kinapita. Swali liulizwe hivyo hivyo, "uko tayari kukimaliza". Mkiuliza "unakipenda", watu watapigia kitabu wanachotaka waonekane wanakipenda.

#8 Jalada Gumu

Hiyo ya alama ina kasoro yake, mkuu Dibaji. Inainua kitabu kisicho na adui. Mara zote kitakuja The Hobbit, kwa sababu nusu ya wapigakura wamekwishakisoma na wanajua hakitawasumbua. Unapata kundi la watu 6 wanaosoma na 6 wanaokumbuka. Hao wa pili hawafungui kitabu, wanajibu kwa kumbukumbu na filamu, na wanakosea.

#9 Dibaji

Ni kweli. Kwa hiyo ongezeni swali la pili kwenye karatasi ile ile: "umekwishakisoma?" Kitabu kilichosomwa na zaidi ya theluthi moja ya watu kiondolewe, au wale waliokisoma wapewe kazi ya kuandaa maswali. Kwa watu 12 theluthi ni 4.

#10 Binti Riwaya

Kumwondoa aliyesoma ni kutupa mali. Anayesoma mara ya pili ndiye anayeona mbegu zilizopandwa mapema. Mwekee mpaka tu: asizungumzie chochote kilichoko mbele ya sura za wiki hiyo, hata kwa fumbo. Fumbo ndilo linalotoboa kuliko hata kusema wazi.

#11 Sura ya Kumi

Nisaidie kwenye Earthsea, maana naona inatajwa tu bila kufunguliwa. A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin ilitolewa 1968 na Parnassus Press. Ina sura 10. Ratiba inayokuja haraka kichwani ni sura 2 kwa wiki, wiki 5. Msifanye hivyo, inakata kitabu mahali pabaya.

Hadithi ina mafundo mawili. La kwanza liko sura ya 4, pale kivuli kiovu kinapofunguliwa. La pili ni mwisho wa sura ya 7, Ged, kijana mchawi ambaye ndiye mhusika mkuu, anaporudi kwa mwalimu wake wa kwanza na kupewa ushauri unaogeuza mwelekeo wa safari yote. Kuanzia sura ya 8 aliyekuwa akiwindwa anakuwa mwindaji. Ukikata sura mbili mbili, wiki ya nne inabeba 7 na 8, na mjadala unaruka juu ya fundo lenyewe.

Kateni hivi:
Wiki ya 1: sura 1 na 2
Wiki ya 2: sura 3 na 4
Wiki ya 3: sura 5, 6 na 7
Wiki ya 4: sura 8, 9 na 10

Kila wiki inaishia mahali ambapo mtu ana swali mdomoni. Wiki 4 zinazobaki soma The Tombs of Atuan (1971), sura 12, tatu kwa wiki.

#12 Kalamu Butu

Mkuu Sura ya Kumi, ahsante kwa mgawanyo huo. Ila 1971 imevuka mpaka wa 1970.

#13 Sura ya Kumi

Mwaka mmoja, mkuu. Mpaka uliuchora mwenyewe, na kifutio unacho.

#14 Msomaji Mkaidi

Na hapo ndipo "ijitegemee" inapoingia mashakani. Earthsea ni trilojia. Ukianza kimoja unavutwa kwenye viwili vingine.

#15 Tanbihi

Kalamu nyekundu tena, samahani. Vilikuwa vitatu mpaka 1990: A Wizard of Earthsea (1968), The Tombs of Atuan (1971), The Farthest Shore (1972). Kisha Tehanu ikaja 1990, na mwaka 2001 vikatoka viwili, Tales from Earthsea na The Other Wind. Jumla 6.

Lakini cha kwanza kinafunga kesi yake. Kivuli kilichofunguliwa sura ya 4 kinamalizwa sura ya 10. Sharti la pili linatimia.

Jambo dogo kwa watakaonunua: msiamini jalada. Matoleo mengi yamemchora Ged mweupe. Kitabuni ana ngozi ya kahawia inayoelekea wekundu, na rafiki yake Vetch ni mweusi. Mwandishi mwenyewe alilalamikia majalada hayo hadharani.

#16 Mzee wa Rafu

Nimesoma kuanzia juu. Hakuna aliyetaja matoleo, na matoleo ndiyo yanayoleta vurugu kwenye mjadala.

Kwanza, ratiba isitumie namba za kurasa hata siku moja. Mwenye jalada gumu, mwenye jalada jepesi na anayesomea kwenye simu hawatakutana ukurasa wa 112. Tumieni sura. Kitabu kisicho na sura zenye namba, nukuuni maneno matano au sita ya kwanza ya aya mnayoishia.

Pili, kuna vitabu vyenye maandishi mawili tofauti chini ya jina moja:

The Hobbit ilitoka 21 Septemba 1937. Mwaka 1951 sura ya 5, ile ya vitendawili gizani, iliandikwa upya ili iende sambamba na kitabu kikubwa kilichokuwa njiani, The Lord of the Rings. Katika chapa ya kwanza Gollum, kiumbe wa pangoni, alikuwa tayari kuitoa pete kama zawadi, na alipoikosa alimwonyesha Bilbo, mhusika mkuu, njia ya kutokea kwa hiari. Karibu kila nakala ya leo ina sura mpya, lakini zipo nakala zilizochapishwa upya kwa kufuata ile ya 1937. Mmoja akiwa nayo, mtabishana usiku kucha kila mtu akiwa sahihi.

The Sword in the Stone ya T. H. White ni mbaya zaidi. Ya 1938 inasimama peke yake. Ile iliyoingizwa ndani ya The Once and Future King (1958) imepunguzwa na kuongezwa: mchawi Madam Mim ameondolewa, sisimizi na bata bukini wameingizwa. Hiyo si tofauti ya koma.

The Broken Sword ya Poul Anderson ni ya 1954, na mwandishi aliirekebisha 1971. Chagueni moja na muitaje kwa mwaka.

Tatu, jihadharini na neno "lililofupishwa" kwenye vitabu vya kusikiliza. Huandikwa kwa herufi ndogo sana.

#17 Ukurasa wa Mwisho

Mzee wa Rafu, shikamoo. Ramani je? Kwenye simu ramani ya Earthsea ni madoa tu.

#18 Mzee wa Rafu

Marahaba. Ichapishe pembeni kwenye karatasi. Hadithi nzima ni safari ya mashua kati ya visiwa, na sura ya 8 hadi ya 10 bila ramani mtu hajui kama Ged anaelekea mashariki au anazunguka.

#19 Wino Mweusi

Mnashangaza. Uzi umefika #19 hakuna aliyetaja The Palm-Wine Drinkard ya Amos Tutuola. 1952, Faber and Faber. Mtu anamfuata mgema wake aliyekufa mpaka mji wa wafu. Kuna "bwana mkamilifu" ambaye viungo vyake vyote amevikodi, anavirudisha kimoja kimoja njiani mpaka anabaki fuvu. Kimetangulia The Lord of the Rings kwa miaka miwili. Kimetafsiriwa kutoka Kiyoruba, kifupi, kinajitegemea. Masharti yote matatu yametimia.

#20 Tanbihi

Kitabu kizuri sana, ila hakijatafsiriwa. Tutuola alikiandika kwa Kiingereza mwenyewe, Kiingereza chake, na hapo ndipo utamu ulipo. Unayemchanganya naye nadhani ni D. O. Fagunwa, aliyeandika kwa Kiyoruba. Ogboju Ode ninu Igbo Irunmale ilitoka 1938, na Wole Soyinka akaitafsiri 1968 kwa jina The Forest of a Thousand Daemons. Nayo iko ndani ya mpaka wa mleta mada.

#21 Wino Mweusi

Nimepokea, mwalimu. Basi nimeweka mezani viwili badala ya kimoja.

#22 Msomaji Mkaidi

Tutuola anafaa, ila ratiba itakuwa kazi. Badala ya sura kuna vichwa vidogo, na matukio yanafuatana kama shanga. Hakuna fundo la katikati la kusimamia mjadala. Wiki 8 ni nyingi mno, wiki 2 zinatosha. Zaidi ya hapo watu wataanza kuorodhesha maajabu tu.

#23 Binti Riwaya

Kama tunafungua mlango huo, Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952) iingie. Mfalme Rai anagundua kuwa liwali wake Adili huwapiga nyani wawili mijeledi huku akilia, halafu huwalisha. Nyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Kitabu kinaanza na fumbo hilo kisha kinarudi nyuma kulifumbua, kuna jini Huria, kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kama hiyo si fantasia, basi hata farasi mwenye pembe moja ni habari za mifugo.

#24 Jalada Gumu

Hiyo ni ngano ya maadili, majina yenyewe yanakuambia nani mwema nani mbaya kabla hujafungua ukurasa. Mjadala utakuwa na nini? Hasidi ni hasidi.

#25 Binti Riwaya

Mjadala upo pale pale. Adili anatii amri ya kuwapiga, na anaumia. Je, huruma yake inaendana na adhabu? Rai anaona nini kwenye mijeledi ile kabla hajasikia kisa? Ukishajua jina la mtu, swali linakuwa kwa nini mwenye wema anashika mjeledi. Na kilitangulia Earthsea kwa miaka 16, ambako nako jina la mtu lina nguvu.

#26 Sura ya Kumi

Hapo umenipata kidogo. Urefu wake lakini ni wa wiki 1, labda 2. Kiwe cha ufunguzi, watu wapashe misuli, kisha kije kikubwa.

#27 Dibaji

Vitabu viwili vinamaanisha nafasi mbili za watu kuondoka. Kila kitabu kipya ni mlango.

#28 Mlinzi wa Maktaba

Niseme la The Last Unicorn kwa sababu lipo kwenye orodha na mnalipita. Peter S. Beagle, 1968, sura 14. Wiki 7 kwa sura mbili mbili, ya 8 mnajadili kitabu kizima. Kinajitegemea kabisa.

Kinachowakwaza watu si urefu wala ugumu, ni sauti. Kinaanza kama ngano ya kale, halafu kipepeo anaingia akiongea vipande vya nyimbo na mashairi bila mpangilio, jambazi wa msituni anamkaribisha mgeni taco, mwana wa mfalme anasoma jarida. Asiyeonywa atadhani mwandishi amekosea, kumbe ni utani wa makusudi juu ya ngano zenyewe. Swali la wiki ya kwanza liwe hilo hilo: mwandishi anacheka nini, na anaacha kucheka wapi? Bila swali hilo nusu ya watu watakiona cha kitoto.

#29 Msomaji Mkaidi

Ndiyo maana nasema kisiwe cha kwanza kwa wasomaji wapya. Utani juu ya ngano unamfikia aliyezisoma. Le Guin aligusa jambo hili la sauti kwenye insha yake ya 1973, From Elfland to Poughkeepsie: kwamba fantasia inasimama au kuanguka kwa mtindo wa lugha, na anamtaja Eddison kati ya walioiweza.

#30 Ukurasa wa Mwisho

KUMBE. Eddison arudi kwenye orodha.

#31 Msomaji Mkaidi

Asirudi.

#32 Mlinzi wa Maktaba

Kwa wanaotaka kitu ambacho hakuna aliyekisoma (dawa ya #8), kuna Lud-in-the-Mist ya Hope Mirrlees, 1926. Mji wa wafanyabiashara wanaojiona watu wa sheria, matunda ya viumbe wa kichawi (fairies) yanaingizwa kwa magendo, meya Nathaniel Chanticleer anaamka usingizini pale janga linapofika nyumbani kwake. Ndani yake kuna kesi ya mauaji ya zamani inayochimbuliwa kwa ushahidi.

Hiyo kesi ndiyo inayokifaa kwa kundi. Kila wiki watu wanakuja na mtuhumiwa wao. Anayetaka kukimbia mbele anajizuia, maana akishajua jibu mchezo wake umekwisha.

Upatikanaji: nchini Marekani hakina haki miliki tangu 2022, kama ambavyo cha Dunsany kiko huru huko tangu 2020. Kwingine huhesabiwa kuanzia kifo cha mwandishi, nchi nyingi miaka 50 au 70. Dunsany alifariki 1957, Mirrlees 1978. Fanyeni hesabu ya mlipo kabla ya kusambaziana faili. Vya George MacDonald (alifariki 1905) na William Morris (1896) havina mgogoro popote, ila The Well at the World's End ya Morris ni ndefu kama jina lake.

#33 Jalada Gumu

Na Titus Groan ya Mervyn Peake, 1946? Ngome, matambiko, Steerpike anapanda ngazi ya madaraka kwa hila.

#34 Tanbihi

Hakuna uchawi hata chembe, na Titus mwenyewe ni mtoto mchanga kitabu kizima. Kisa kinaendelea kwenye Gormenghast (1950). Sharti la pili tena.

#35 Jalada Gumu

Fantasia haihitaji uchawi, inahitaji ulimwengu usio huu.

#36 Wino Mweusi

Kwa kipimo hicho Kusadikika ya Shaaban Robert nayo ndani. Nchi iliyoko hewani, Karama anajitetea mahakamani kwa kusimulia safari za wajumbe sita. 1951.

#37 Jalada Gumu

Hiyo ni istiari ya siasa.

#38 Wino Mweusi

Na Gormenghast ni nini, mwongozo wa usafi wa ngome?

#39 Kalamu Butu

Wakuu, kabla hatujafika kwenye ngumi: nimekusanya alama kwa njia ya #7 na #9. Wapigakura 12, wanaweka alama kwenye kila kitabu watakachokimaliza. Mabano ni waliokwishakisoma.

The Hobbit 9 (7)
A Wizard of Earthsea 8 (3)
The Last Unicorn 8 (2)
Lud-in-the-Mist 6 (0)
Adili na Nduguze 6 (5)
The Lord of the Rings 5 (4)
The Palm-Wine Drinkard 5 (1)
The King of Elfland's Daughter 3 (1)
The Worm Ouroboros 1 (0)

The Hobbit na Adili na Nduguze vinatoka kwa kanuni ya theluthi. Juu wamefungana wawili.

#40 Binti Riwaya

Adili inatolewa kwa kosa la kusomwa shuleni! Napinga kanuni. Waliosoma utotoni kwa ajili ya mtihani hawakusoma, walikariri.

#41 Dibaji

Kanuni haikuuliza walisoma vipi. Tukianza kupima hilo tutahitaji mtihani mwingine.

#42 Sura ya Kumi

Kwa waliofungana, angalieni nani HAKUWEKA alama. Wale 4 walioiacha Earthsea, wataondoka au watavumilia? Waulizwe hivyo hivyo kwa The Last Unicorn. Chenye wakataaji wachache wa kweli ndicho.

#43 Mlinzi wa Maktaba

Au angalieni idadi ya wiki. The Last Unicorn inajaza 7 bila kuunganisha kitu. Earthsea inajaza 4, na nusu ya pili ya ratiba bado inagombana na mpaka wa mwaka.

#44 Msomaji Mkaidi

Kujaza wiki si sifa. Ni bora wiki 4 zenye watu 12 kuliko 7 zinazoisha na watu 5.

#45 Jalada Gumu

Mnaona? Tumerudi kwenye urefu, mimi niliyesema urefu si tatizo nimekaa kimya.

#46 Ukurasa wa Mwisho

Swali la nje kidogo wakati mnahesabu: wanaosoma mfululizo wa Narnia wa C. S. Lewis waanze na kipi? Nakala yangu imepewa namba 1 kwenye The Magician's Nephew.

#47 Tanbihi

Hizo namba zinafuata mpangilio wa matukio. Kwa mpangilio wa kutoka, cha kwanza ni The Lion, the Witch and the Wardrobe (1950), na The Magician's Nephew ni cha 6 (1955). Lewis mwenyewe aliwahi kumkubalia msomaji mtoto, kwa barua ya 1957, kwamba mpangilio wa matukio unafaa.

#48 Binti Riwaya

Na alikosea. Nguzo ya taa katikati ya theluji ya Narnia ina mshangao pale tu usipojua ilifikaje.

#49 Mzee wa Rafu

Hilo lifunguliwe uzi wake, litameza huu.

Kalamu Butu, kabla ya kura ya pili fanya hivi: kila mmoja apige picha ukurasa wenye mwaka wa chapa na ukurasa wa yaliyomo wa nakala aliyonayo ya Earthsea na ya The Last Unicorn, aziweke hapa. Asiye na nakala aseme hana. Ukikuta kitabu kimoja kina nakala 9 mikononi na kingine 3, una kigezo ambacho hakuna aliyekifikiria.

#50 Ukurasa wa Mwisho

Earthsea ninayo, chapa ya karibuni, vitabu vyote 6 ndani ya jalada moja. Inahesabiwa nakala 1 au 6?

#51 Sura ya Kumi

1. Na usiguse The Tombs of Atuan kwa sasa. Ukiingia ukimtafuta Ged utasoma sura 4 hujamwona, haonekani mpaka ya 5.

#52 Ukurasa wa Mwisho

Si umeshatoboa sasa 😂